Hakimu wa Ngoma

Muziki unaopigwa mbele ya watu una sharti moja ambalo muziki mwingine hauna. Santuri hulia chumbani pasipo mtu, na redio huimba mpaka usiku wa manane hata kama wenye nyumba wamelala. Ngoma hai haiwezi hivyo. Ikikosa watu wa kuizunguka, haina tofauti na mazoezi. Kwa hiyo anayeuliza kama muziki huu utaishi au utakufa katika taifa letu hana budi kuwaangalia watu wawili: yule apigaye, na yule asimamaye kusikiliza. Mengi yamekwisha semwa juu ya yule wa kwanza. Mimi nataka kusema zaidi juu ya yule wa pili, maana nimezaliwa mahali ambapo yeye ndiye hakimu.

Nyalikungu ni makao ya wilaya ya Maswa, katika njia itokayo Shinyanga kwenda Bariadi. Kabla ya mwaka 2012, Simiyu ilipofanywa mkoa, wilaya yetu ilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mgeni apitaye kwa basi huona mashamba, mifugo na maduka ya njiani, wala hadhani kwamba amepita katika ukumbi mkubwa wa muziki. Ukumbi wenyewe hauna paa wala ukuta. Ni uwanja mtupu, na msimu wake huanza mavuno yakiisha, mvua zimekatika na vumbi limeanza kupanda. Kwa Kisukuma mkutano wa namna hiyo huitwa mbina, yaani ngoma na mchezo kwa pamoja.

Katika Usukuma wachezaji wa ngoma wamegawanyika tangu zamani katika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Simulizi za wazee huwataja Gumha na Ngika, watu wawili wenye elimu ya dawa walioishi katika karne ya 19, kuwa ndio chanzo cha mgawanyiko huo. Vikundi vya pande hizi vinapokutana kushindana, havisubiriani zamu. Vyote viwili hucheza wakati mmoja, katika uwanja mmoja, umbali kidogo baina yao. Watu huja kutoka vijiji vingi, wakazunguka, wakasikiliza huku, wakahamia kule, wakarudi. Hakuna meza ya waamuzi wala karatasi za alama. Kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Ndiyo maana viongozi wa ngoma walitafuta kila hila ya kuvuta macho: nyoka hai, sanamu, mavazi ya ajabu, na dawa zilizoaminiwa kuwa huvuta watu. Lakini nyoka huonwa mara moja akazoeleka. Kinachomzuia mtu asihame ni wimbo.

Sheria hii ni rahisi, nayo ni kali. Kiongozi wa ngoma, ambaye Wasukuma humwita ningi, hawezi kurudi uwanjani na nyimbo za mwaka jana. Yampasa kuleta habari mpya: bei ya pamba, njaa, ndoa iliyovunjika, mkubwa aliyewaonea wadogo, na kejeli za kumchoma mpinzani. Aliyeshindwa huenda nyumbani akafanya mazoezi msimu mzima wa mvua. Katika utoto wangu niliwaona watu wazima wakilia kwa kushindwa, na miezi kumi baadaye nikawaona watu wale wale wakibebwa mabegani. Hapakuwa na mtu aliyewapa ruzuku. Waliendelea kwa sababu walijua kwamba hakimu atarudi.

Muziki huo ulikuwa pia na kazi ya mchana. Baba yangu mkubwa alikuwa katika kikundi cha bugobogobo, ngoma ya wakulima wachezao kwa majembe. Mtu mwenye shamba kubwa aliwaalika, nao wakaja na ngoma zao. Wengine walilima kwa mstari, wengine wakapiga, na mapigo ndiyo yaliyoongoza majembe. Shamba lilikwisha kabla ya mtu kukumbuka uchovu wake. Malipo yalikuwa chakula, fedha au mnyama, kwa kadiri ya mapatano. Nalitaja jambo hili kwa sababu watu wengi hudhani kuwa muziki wa jadi ulikuwa wa bure, na kwamba ujira uliletwa na magitaa. Sivyo. Mpigaji wa bugobogobo alikuwa mfanyakazi, na aliyemwalika alijua hivyo.

Nilipokuja kusoma historia ya muziki wa nchi nyingine za Afrika ya Mashariki, nilishangaa kuikuta sheria ya uwanja wetu kila mahali. Katika ngoma ya beni, iliyoenea kutoka mwambao hata bara zama za wakoloni, walikuwapo Marini na Arinoti, wakishindana kwa sare, kwa vyeo na kwa nyimbo. Unguja, Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, kilipata mpinzani wake katika Culture Musical Club. Dar es Salaam ilikuwa na Al-Watan na Egyptian. Morogoro ilikuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, aliyefariki mwaka 1965, na ilikuwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Kisha zikaja bendi mbili ambazo wapenzi wake walitofautiana kama wapenzi wa Simba na Yanga: Msondo na Sikinde. Majina hayo mawili yenyewe ni majina ya ngoma za jadi. Mpenzi wa dansi wa Dar es Salaam, aliyevaa kiatu cha ngozi na kulipa kiingilio mlangoni, alifanya lile lile alilofanya mkulima wa Maswa aliyesimama peku katika vumbi. Alichagua upande. Kwa kuchagua, alimlazimisha msanii kuwa bora.

Baada ya uhuru palitokea mlipaji mpya. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi walijua ngoma za wageni kuliko za kwao. Baadaye bendi nyingi zikawa mali ya vyombo vya umma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama kilipobadili, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na baadaye ikawa chini ya shirika la DDC. Vijana walikuwa na bendi yao, polisi yao, jeshi yao. Mwanamuziki akawa mtumishi mwenye mshahara wa mwezi, na magitaa, ngoma na vipaza sauti vikawa mali ya mwajiri. Radio Tanzania ilirekodi nyimbo zao na kuzipeleka hata Nyalikungu, ambako tulizijua kwa moyo kabla hatujawaona waimbaji.

Mpango huo ulikuwa na neema kubwa. Ulimpa msanii heshima na mkate, naye akapata nafasi ya kutunga. Walakini ulificha udhaifu mmoja. Mwanamuziki aliyetoka katika bendi alitoka mikono mitupu, kwa kuwa gitaa halikuwa lake. Na bendi yenyewe ilisimama juu ya miguu miwili, mshahara wa shirika na kiingilio cha mlangoni. Mashirika ya umma yalipodhoofika katika miaka ya 1980, na mengi yakauzwa au kufungwa katika miaka ya 1990, mguu mmoja ulikatwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 zikaja redio na televisheni za watu binafsi, ukaja muziki wa kizazi kipya, nao mguu wa pili ukaanza kutetereka. Kijana aliweza sasa kuwa mwimbaji mashuhuri bila bendi, akapanda jukwaani na kuimba juu ya muziki uliokwisha rekodiwa. Kwa mwenye ukumbi hesabu ilikuwa nyepesi: mtu mmoja na mashine hula kidogo kuliko watu 12 na vyombo vyao.

Sisemi haya ili kuwalaumu vijana. Muziki wao umevuka mipaka ambayo dansi letu lilishindwa kuivuka, nao umewapa wengi riziki. Nasema tu kwamba taifa lilipata nyimbo nyingi na likapoteza wapigaji wengi. Nyimbo huhifadhiwa katika kanda na mashine, lakini ujuzi wa kupiga huhifadhiwa katika mikono tu, na mikono huzeeka.

Jambo hili halikuwa la vitabuni kwangu. Dada yangu ana mtoto wa kiume, naye ni mpigaji hodari wa ngoma, hodari kuliko wote niliowasikia katika rika lake. Mwaka mmoja nilipokwenda nyumbani kwa likizo, alinichukua pamoja naye katika arusi aliyoitwa kupiga. Mwenye vipaza sauti na kompyuta alikuwa amelipwa kabla hajashusha mashine zake garini. Wapigaji wetu walipiga wakati wa kumpokea bibi arusi, watu wakainuka, wakina mama wakapiga vigelegele, vumbi likapanda. Kisha wakaambiwa wanyamaze, mashine zikawashwa, zikalia mpaka alfajiri. Walipewa soda na ahadi. Tuliporudi kwa miguu kijana aliniuliza:

"Mjomba, wewe umesoma. Niambie kweli. Niziuze ngoma hizi ninunue pikipiki ya kubebea abiria, au nizishike?"

Nilimwambia, "Mwanangu, kazi ya pikipiki si aibu."

"Sijasema aibu," akajibu. "Nimeuliza kama nikizishika kuna mtu atakuja kusikiliza."

Swali lake ndilo swali la taifa zima, na tangu siku ile nimelichukulia hivyo. Wasomi hutaabika kuuliza kama muziki wetu ni halisi, kama umeigwa, kama una asili. Mpigaji huuliza neno moja: hakimu atakuja?

Labda msomaji atanikamata hapa kwa sheria yangu mwenyewe. Atasema: Umetueleza kwamba katika uwanja wenu mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Katika arusi ile watu waliizunguka mashine mpaka alfajiri. Basi mashine imeshinda, nawe huna haki ya kulalamika. Hoja hii ni nzito, nami sitaki kuipita kando.

Kwanza nakubali sehemu yake. Wako wanamuziki waliosahau kwamba wanahukumiwa. Bendi inayopiga kila juma nyimbo zile zile za miaka 30 iliyopita inamtegemea mpenzi kwa ukumbusho wa ujana wake, na mpenzi huyo naye anazeeka. Ningi wa kwetu asingethubutu. Kikundi cha ngoma kinachojipanga kwa ajili ya kumpokea kiongozi wa serikali tu, kikicheza dakika tano na kuondoka, kimejizoeza kutokuwa na mpinzani, na asiye na mpinzani hupungua bila kujua.

Lakini mashindano ya arusi ile hayakuwa ya haki. Katika mbina pande zote mbili hucheza wakati mmoja, nao hakimu yuko huru kuhama. Pale arusini upande mmoja ulinyamazishwa. Mmoja alilipwa kabla ya kazi, mwingine akaahidiwa baada ya kazi. Hakimu hawezi kuchagua kisichowekwa mbele yake. Kuna jambo la pili, na kwangu ni kubwa zaidi. Mashine huleta arusini nyimbo zilizotungwa mbali kwa ajili ya watu wote, na kwa hiyo haimjui bibi arusi kwa jina. Ngoma ilimtaja yeye, na baba yake, na kisima cha kwao, na ukame wa mwaka ule. Jamii inayosikia nyimbo za mji mmoja tu, tena mji wa mbali, hukosa mahali pa kusikia habari zake yenyewe. Hapo kinachopotea si burudani peke yake. Hupotea pia baraza ambalo mkulima aliweza kumwimba mkubwa, na mkubwa akalazimika kusikiliza kwa kuwa watu wamezunguka.

Je, kuna tumaini? Naona lipo, wala si la kubuni. Siku ya Jumapili pita katika mji wowote wa Usukuma. Kwaya za makanisa hupiga magitaa na vinanda kwa mikono yao, hufanya mazoezi jioni baada ya kazi, na hushindana, hata kama hazipendi neno hilo. Kwaya ya AIC Shinyanga inajulikana mbali sana na Shinyanga. Hizi leo ni shule kubwa za muziki hai kuliko nyingi zenye jina la shule. Bujora, karibu na Mwanza, sikukuu ya Bulabo iliyokuzwa na kanisa katika miaka ya 1950 bado huwakutanisha wacheza ngoma kila mwaka mwezi wa Juni. Bagamoyo chuo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981, na ambacho tangu mwaka 2007 ni taasisi iitwayo TaSUBa, hufundisha ngoma na ala. Zanzibar tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limeshikilia sharti kwamba msanii apige na kuimba mbele ya watu bila kuegemea muziki uliorekodiwa. Lakini tamasha hilo hilo halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, na hilo ni onyo kwetu. Jengo linalosimama juu ya nguzo ya mfadhili mmoja huanguka siku ile mfadhili anapochoka, kama bendi zetu zilivyoanguka mashirika yalipochoka.

Hata simu za mkononi, ambazo wengi huzihesabu kuwa maadui, zimeanza kufanya kazi ya mpiga mbiu. Waimbaji wa nyimbo za asili za Kisukuma hujipiga picha za video na kuzitandaza katika intaneti, na mtu wa wilaya nyingine akiwapenda huwaalika nyumbani kwake. Picha hiyo haikuchukua nafasi ya uwanja. Imewaita watu uwanjani.

Basi lililobaki ni kuutengeneza uwanja. Tunazo sheria na vyombo: Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na haki za watunzi zina sheria yake ya mwaka 1999. Vitu hivi ni vya lazima, na anayeimba anastahili kulipwa kila wimbo wake unapotumiwa. Ila sheria ya haki za watunzi humlinda zaidi aliyerekodi. Mpigaji wa Nyalikungu, ambaye kazi yake huisha vumbi linapotua, anahitaji mambo mengine madogo yaliyo karibu naye. Anahitaji kiwanja kilichotengwa ambacho hakitauzwa kwa ujenzi wa maduka. Anahitaji mapatano yaliyoandikwa, hata kwa mistari mitatu, yenye kiasi na siku ya malipo. Anahitaji kibali kisichogharimu zaidi ya pato la siku yake. Anahitaji msimu unaojulikana, na msimu wetu tumepewa na ardhi: katikati ya mwaka, pamba inaponunuliwa na fedha inapoingia mikononi mwa mkulima. Na shule za wilaya zinahitaji ngoma na mtu wa kuifundisha, ili mtoto ajue kuhukumu hata kama hatajua kupiga. Msikilizaji naye hufunzwa. Hazaliwi.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji jumba la fahari katika mji mkuu. Tumezoea kufikiri kwamba muziki wa taifa hujengwa katikati na kusambazwa pembezoni, kama barua. Historia yetu yaonyesha kinyume. Msondo na Sikinde ziliazima majina yake kwa ngoma za jadi, na bendi za Morogoro, Tanga na Tabora zilikuwa na nguvu kwa sababu miji hiyo ilikuwa na watu waliotoka majumbani mwao jioni kwenda kusikiliza. Taifa lenye wilaya zisizo na uwanja wa ngoma litakuwa na nyota wachache wanaong'aa Dar es Salaam, na giza kwingineko.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii husemwa sana kumhimiza mchezaji arudi nyumbani. Husahauliwa kwamba ina upande wa pili, ambao ni agizo kwa wenyeji: akicheza kwao, wamtunze. Mwaka hadi mwaka mpwa wangu amekuwa akiahirisha kuziuza zile ngoma. Sasa hubeba abiria asubuhi kwa pikipiki aliyokodi, na jioni hupiga. Ameniambia kwamba msimu ujao kikundi chao kimealikwa kushindana na kikundi cha upande wa pili, na kwamba mwalikaji ameandika malipo katika karatasi. Sijui watashinda au watashindwa, wala si kazi yangu kujua. Kazi yangu, na yako wewe msomaji uliyezoea kupima muziki kwa kalamu, ni kwenda kusimama katika vumbi na kuchagua upande.